Je, Bakteria Ndiye Chanzo? Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Ugonjwa Sugu wa Mchochota, Hatua kwa Hatua

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, madaktari wengi duniani waliamini kuwa vidonda vya tumbo vinatokana na msongo wa mawazo, vyakula vikali na asidi kuzidi. Mwaka 2005 Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba vingi vya vidonda hivyo huletwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Ugonjwa uliokuwa ukimfuata mtu maisha yake yote ukawa unatibika kwa dawa za wiki moja au mbili.

Tangu hapo watafiti wamemsaka bakteria karibu katika kila ugonjwa sugu wa mchochota, yaani magonjwa ambayo kinga ya mwili huwaka na kuvimbisha sehemu fulani kwa miezi na miaka bila kutulia: Crohn (mchochota wa utumbo), baridi yabisi, sarkoidosi (mafundo ya mchochota, hasa mapafuni), hata mishipa ya moyo inayoziba. Wachache wamefanikiwa. Wengi wamemkuta bakteria asiye na kosa, au vinasaba vilivyotoka kwenye chupa ya maabara yao wenyewe, na baadhi yao wakawapa maelfu ya wagonjwa antibiotiki ambazo hazikuwasaidia chochote.

Mwongozo huu nimewaandikia wanafunzi wa uzamili, madaktari wa hospitali za rufaa na wataalamu wa maabara wanaotaka kulishika swali hili kwa mikono yao. Msimamo wangu nausema mapema: kumkuta bakteria penye ugonjwa ni mwanzo wa kazi. Kazi yenyewe ni kuupanga utafiti ili, kama umekosea, utafiti huo huo ukuonyeshe kwamba umekosea.

Hatua ya 1: Andika swali linaloweza kushindwa

"Je, bakteria husababisha Crohn?" ni swali la mazungumzo, halipimiki. Liandike hivi: "Je, Mycobacterium avium wa aina ya paratuberculosis yupo hai kwenye ukuta wa utumbo wa wagonjwa wapya wa Crohn, zaidi ya anavyopatikana kwa watu wenye mchochota wa utumbo wa chanzo kingine?" Sasa unajua umtafute nani, wapi, kwa nani, na umlinganishe na nani.

Mfano huo nimeuchagua makusudi, nami nitaurudia njiani. Mwaka 1895 Johne na Frothingham walieleza ugonjwa wa utumbo wa ng'ombe wenye bakteria wanaofanana na wa kifua kikuu. Mwaka 1913 daktari mpasuaji wa Glasgow, Kennedy Dalziel, aliona utumbo wa binadamu wenye mabadiliko yanayoshabihiana na ya ng'ombe hao. Mwaka 1932 Burrill Crohn na wenzake wakauandika ugonjwa ambao leo unabeba jina lake, na mwaka 1984 Rodrick Chiodini akamwotesha bakteria huyo wa ng'ombe kutoka kwenye utumbo wa wagonjwa wa Crohn. Zaidi ya miaka 100 tangu Dalziel, hoja haijafungwa. Kila kosa unaloweza kulifanya katika utafiti wa namna hii limeshafanyika humo, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Amua pia unadhani bakteria anadhuru kwa njia gani, maana njia hiyo ndiyo itakayokuelekeza pa kutafuta. H. pylori anaishi palepale kwenye utando wa tumbo anapoleta madhara. Streptococcus pyogenes ni tofauti kabisa: mtoto anaumwa koo, koo linapona, na wiki mbili au tatu baadaye kinga yake mwenyewe inashambulia viungo na valvu za moyo. Ukiipekua valvu hiyo hutamkuta bakteria, naye ndiye aliyeanzisha yote. Baadhi ya maumivu ya viungo yanayofuata kuhara kwa Salmonella au Shigella yana tabia kama hiyo. Anayetafuta bakteria hai kwenye kiungo kilichovimba anaweza kumwachia huru mhusika kwa sababu tu ameshaondoka.

Masharti ya Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa bakteria wa kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, bado yanafaa kusomwa: bakteria apatikane kwa wagonjwa, aoteshwe peke yake, alete ugonjwa kwa mnyama mzima, kisha apatikane tena. Lakini usiyashike kama amri. Takriban nusu ya watu duniani wamewahi kubeba H. pylori na wengi wao hawapati kidonda. Mwaka 1996 Fredricks na Relman waliyaandika upya kwa ajili ya zama za vinasaba, na sharti lao ninalolipenda zaidi ni hili: ugonjwa ukipoa, vinasaba vya bakteria vipungue, ukirudi, virudi.

Kabla hujagusa sampuli yoyote, andika kwenye ukurasa mmoja ni matokeo gani yatakufanya uiache dhana yako. Utie tarehe, umpe msimamizi wako autie sahihi.

Hatua ya 2: Wagonjwa ni nani, na utawalinganisha na nani

Hapa ndipo tafiti nyingi zinapovunjika, na zinavunjika kimya kimya, kabla hata maabara haijawashwa.

Chukua Crohn katika Afrika Mashariki. Kifua kikuu cha utumbo kinafanana nayo mno: maumivu upande wa kulia chini, kukonda, homa, vidonda mahali utumbo mwembamba unapoungana na mpana, na chembechembe za kinga zilizojikusanya mafundo mafundo. Ukiingiza wagonjwa wa kifua kikuu kwenye kundi lako la Crohn, utakuta mycobacteria, yaani bakteria wa kifua kikuu na jamaa zake, na utashangilia bure. Weka vigezo vya utambuzi kwa maandishi: kamera ya utumbo, majibu ya patholojia yaliyosomwa na watu wawili bila kushauriana, kipimo cha GeneXpert cha kifua kikuu, na ufuatiliaji wa miezi kadhaa. Mwenye utambuzi wa shaka mweke kundi la pembeni, usimlazimishe kuingia.

Kundi la ulinganisho liwe zaidi ya moja. Watu wenye afya peke yao hawatoshi, kwa sababu utumbo wenye kidonda ni mlango ulio wazi na bakteria yeyote aliyekuwa akipita atanaswa humo. Unahitaji watu wenye mchochota wa sehemu ileile uliosababishwa na kitu kingine. Wafanane na wagonjwa wako kwa umri, mahali wanapoishi, maji wanayotumia, na kwa bakteria huyu hasa, ukaribu wao na mifugo na maziwa. Mfugaji wa Arusha na karani wa Dar es Salaam hawalinganishwi hivi hivi.

Kisha hesabu idadi. Ukitarajia bakteria apatikane kwa asilimia 50 ya wagonjwa na asilimia 20 ya wasio wagonjwa, watu 40 hivi kila kundi wanatosha kukupa nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo. Lakini bakteria akiwa wa kawaida mitaani, tuseme asilimia 70 kwa wagonjwa dhidi ya 60 kwa wengine, utahitaji zaidi ya watu 350 kila kundi. Hili linatuhusu sana kwetu, ambako zaidi ya nusu ya watu wazima katika jamii nyingi wana H. pylori. Utafiti wa watu 30 juu ya bakteria aliyeenea namna hiyo hauwezi kujibu lolote. Afadhali usiufanye kuliko kuwachoma watu sindano na kuwaingiza kamera bure.

Hatua ya 3: Vibali

Kamati ya maadili ya chuo au hospitali kwanza, kisha ngazi ya taifa: Tanzania ni NIMR, Kenya ni kamati iliyosajiliwa pamoja na leseni ya NACOSTI, Uganda ni kamati ya maadili pamoja na UNCST. Sampuli zikienda nje ya nchi, mkataba wa kuhamisha sampuli usainiwe kabla, nao useme wazi nani anamiliki bakteria watakaooteshwa. Fomu ya ridhaa iwe katika lugha ambayo mgonjwa anaiota usiku, na imweleze kuwa kipande cha ziada cha utumbo kinachukuliwa kwa ajili ya utafiti, si matibabu yake.

Hatua ya 4: Sampuli

Mwulize mgonjwa kuhusu dawa za miezi mitatu iliyopita, na usiridhike na jibu la kwanza. Antibiotiki zinanunuliwa dukani bila cheti, na wengi hawaziiti antibiotiki. Wanataja rangi ya kidonge. Beba picha za pakiti za kawaida umwonyeshe. Uliza pia omeprazole, kwa sababu hupunguza H. pylori kiasi cha kufanya vipimo vimkose. Kwa mgonjwa wa Crohn uliza steroidi na dawa za kushusha kinga.

Chukua vipande zaidi ya kimoja, kutoka penye ugonjwa na kutoka penye uzima kwa mtu yuleyule. Kipande cha formalini ni cha hadubini. Kibichi, kwenye chombo kisafi chenye maji maji ya kusafirishia, ni cha kuotesha, nacho kifike maabara ndani ya saa chache kikiwa kwenye baridi. Cha tatu kigandishwe mara moja na kuhifadhiwa kwenye nyuzi 80 chini ya sifuri kwa ajili ya vinasaba na RNA (nakala za jeni zinazotengenezwa na seli hai). Damu itenganishwe, seramu ihifadhiwe kwenye vichupa vidogo vingi ili usiiyeyushe na kuigandisha tena na tena. Umeme ukikatika mara kwa mara, jokofu hilo liwe na jenereta na mtu mwenye jina anayelisimamia Jumamosi na Jumapili.

Na sasa jambo ambalo karibu kila mtu analisahau: chukua sampuli tupu. Fungua chombo chumbani palepale, tumbukiza humo koleo la endoskopi lililosafishwa bila kumgusa mgonjwa, kifunge, kisha kipeleke kwenye safari yote pamoja na sampuli za kweli. Sampuli hizo tupu ndizo zitakazokuokoa kwenye hatua ya saba.

Hatua ya 5: Tazama kwanza kwa macho

Vijana wengi wanakimbilia mashine ya kusoma vinasaba. Warren alianza na hadubini mwaka 1979, akaona bakteria waliojipinda juu ya utando wa tumbo, akatumia rangi ya fedha waonekane vizuri zaidi, na akagundua jambo la maana kuliko kuwepo kwao: walipokuwepo bakteria, palikuwepo na chembe za mchochota. Mahali ndiko kunakoipa hoja nguvu. Bakteria aliye ndani ya seli za kinga, katikati ya fundo la mchochota, anasema jambo ambalo bakteria anayeelea kwenye uchafu wa juu hawezi kulisema.

Tumia rangi ya Gram, Ziehl-Neelsen kwa mycobacteria, na rangi ya fedha. Ukiweza, tumia vipachiko vinavyong'aa vinavyoshika vinasaba vya bakteria mmoja tu. Anayesoma slaidi asijue ni ya mgonjwa au ya mlinganishwa. Kumbuka pia kwamba bakteria wa Crohn anayedhaniwa anaweza kuwepo bila ukuta wake wa kawaida, na akiwa hivyo Ziehl-Neelsen haimshiki. Slaidi safi peke yake haimwondoi.

Hatua ya 6: Otesha, na uwe na subira

Marshall alipojiunga na Warren mwaka 1981, sahani za kuoteshea zilikuwa zikitupwa baada ya siku mbili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kawaida kwa bakteria wengine. Pasaka ya mwaka 1982 sahani ziliachwa kwenye inkubeta kipindi chote cha sikukuu, na waliporudi bakteria walikuwa wameota. Wakati huo tayari sampuli nyingi zilikuwa zimeshatupwa. Katika makala yao ya 1984 kwenye Lancet, kati ya wagonjwa 100 mfululizo waliopimwa kwa kamera, 58 walionekana kuwa na bakteria hao, lakini walioweza kuoteshwa walikuwa 11 tu.

Kwa hiyo usiamini "hakuna kilichoota" mpaka umejua bakteria wako anahitaji nini: hewa yenye oksijeni kidogo au isiyo nayo kabisa, joto gani, chakula gani, siku ngapi. M. paratuberculosis anahitaji kuongezewa mycobactin, kitu cha kumsaidia kushika madini ya chuma, na kutoka kwa binadamu huchukua miezi kadhaa, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Tropheryma whipplei, anayeleta ugonjwa wa Whipple, ni mfano wa kutia moyo kuliko wote. George Whipple alieleza ugonjwa huo mwaka 1907. Wagonjwa walikuja kuonekana wakipona kwa antibiotiki. Vinasaba vya bakteria vilisomwa kutoka kwenye tishu mwaka 1992, na kumwotesha kwa uthabiti kulifanikiwa mwaka 2000 tu. Miaka 93.

Kila unapootesha sampuli, otesha pia sampuli tupu na sampuli uliyoitia bakteria wachache unaowajua idadi. Ya kwanza ikiota, una uchafu. Ya pili isipoota, huna haki ya kusema wagonjwa wako hawana bakteria.

Hatua ya 7: Vinasaba, na mtego wake mkubwa

Soma sehemu hii mara mbili.

PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha vinasaba ili kionekane, inaweza kumwona bakteria mmoja kati ya mamilioni ya seli za binadamu. Uwezo huo huo unaifanya imwone bakteria aliyekuwa kwenye maji ya kiwandani, kwenye vitendanishi vya kutolea vinasaba, au kwenye vumbi la meza. Mwaka 2014 Salter na wenzake walionyesha kwamba vitendanishi vyenyewe vina vinasaba vya bakteria, na kadiri sampuli inavyokuwa na bakteria wachache ndivyo uchafu huo unavyotawala majibu. Ralstonia, Bradyrhizobium na Sphingomonas wakijitokeza kwenye maji ya goti au kwenye tishu za ndani ya mwili, mashaka yako ya kwanza yawe kwenye vitendanishi. Kondo la nyuma la mama mjamzito lilidaiwa kuwa na jamii yake ya bakteria. Mwaka 2019 de Goffau na wenzake walichunguza wanawake zaidi ya 500 kwa uangalifu na wakakuta karibu dalili zote hizo zilitokana na uchafu, isipokuwa Streptococcus agalactiae kwa asilimia 5 hivi.

Fanya hivi. Changanya wagonjwa na walinganishwa katika kila mzunguko wa kutoa vinasaba; ukiwafanya wagonjwa Januari na wengine Machi kwa chupa tofauti, tofauti ya chupa itajivika sura ya tofauti ya ugonjwa, na hakuna takwimu itakayoitenganisha. Andika namba ya toleo la kila kitendanishi. Kila mzunguko uwe na sampuli tupu zisizopungua mbili. Chumba cha kuandaa mchanganyiko kiwe mbali na chumba cha kufungulia mirija yenye vinasaba vilivyokwisha kuzalishwa kwa PCR, na koti la huku lisivuke kwenda kule.

Usitegemee kipande kimoja cha jeni. Kwa M. paratuberculosis wengi hutumia IS900, iliyogunduliwa mwaka 1989, kwa sababu inajirudia mara nyingi ndani ya bakteria na hivyo inaonekana kwa urahisi. Lakini vipande vinavyofanana nayo vimeonekana kwa mycobacteria wengine wa mazingira. Thibitisha kwa jeni la pili, kisha soma mfuatano wenyewe. Na kwa kuwa vinasaba hubaki hata bakteria akishakufa, tafuta RNA pia kama unataka kudai kwamba yuko hai.

Mwaka 2004 Naser na wenzake waliripoti kumwotesha bakteria huyu kutoka kwenye damu ya wagonjwa 14 kati ya 28 wa Crohn, na hakuna hata mmoja kati ya watu wasio na ugonjwa wa utumbo. Matokeo mazito. Ila majibu ya maabara mbalimbali juu ya bakteria huyu yamepishana mno, na ndiyo maana nasisitiza: gawa sampuli zako, zipeleke maabara mbili au tatu zikiwa na namba tu, kisha linganisha. Majibu yasipokubaliana, tatizo ni kipimo, na hakuna haja ya kwenda hatua inayofuata mpaka kitengemae.

Hatua ya 8: Kingamwili zinasema nini na hazisemi nini

Kingamwili zinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria. Basi. Mwaka 1988 Saikku na wenzake wa Helsinki waliona kingamwili za Chlamydia pneumoniae zikiwa nyingi zaidi kwa wagonjwa wa moyo, na baadaye bakteria mwenyewe akaonekana kwenye kuta za mishipa iliyoziba. Ilionekana hadithi nyingine ya H. pylori inakuja. Lakini watu wazima wengi wana kingamwili hizo, na wavuta sigara huzipata zaidi huku sigara yenyewe ikiharibu mishipa. Hadithi hiyo iliishia pabaya, kama utakavyoona.

Hapa niseme neno kwa wauguzi na madaktari wa zahanati: kipimo cha haraka cha damu cha H. pylori hakitofautishi maambukizi ya leo na ya miaka iliyopita. Kwa utafiti na kwa tiba, kipimo cha kinyesi cha antijeni au cha pumzi ya urea ni bora zaidi.

Hatua ya 9: Nani alitangulia?

Bakteria akiwa chanzo, lazima awe amefika kabla ya ugonjwa. Njia nzuri ni kutumia damu iliyohifadhiwa zamani. Huko Hawaii, wanaume wenye asili ya Japani walitolewa damu kati ya 1967 na 1970. Miaka mingi baadaye 109 kati yao walikuwa wamepata saratani ya tumbo. Damu yao ya zamani ilipopimwa, asilimia 94 walikuwa na kingamwili za H. pylori, dhidi ya asilimia 76 ya walinganishwa. Bakteria alitangulia, na matokeo hayo yalichapishwa 1991.

Ulizia kama nchi yako ina seramu zilizohifadhiwa kutoka tafiti za malaria, VVU au afya ya uzazi, na kama ridhaa za wakati ule zinaruhusu. Ukikosa, wapime ndugu wa damu wa wagonjwa ambao bado hawajaugua, uwafuatilie, au chunguza vidonda vichanga kabisa vya ugonjwa. Bakteria anayepatikana kwenye vidonda vikubwa vya zamani tu, huku vichanga havina kitu, huenda aliingia baada ya mlango kubomoka.

Hatua ya 10: Njia ya madhara

Onyesha jinsi bakteria anavyoleta mchochota. H. pylori ana kimeng'enya cha urease kinachomwezesha kuishi kwenye asidi, na aina zenye jeni cagA huingiza protini ndani ya seli za tumbo na kuleta mchochota mkali zaidi. Ukiondoa jeni, bakteria akapoteza madhara, kisha ukairudisha madhara yakarudi, umepata ushahidi mzito. Ndilo sharti alilolipendekeza Stanley Falkow mwaka 1988.

Jeni za binadamu nazo zisaidie. Mwaka 2001 NOD2, jeni inayohusika kutambua vipande vya ukuta wa bakteria, ilihusishwa na Crohn. Mwaka 2009 utafiti wa China uliihusisha jeni hiyo na ukoma, ugonjwa wa mycobacteria. Hilo linaipa dhana pumzi, ingawa NOD2 inatambua bakteria wengi na hamtaji mmoja.

Marshall alishindwa kuwaambukiza nguruwe, akanywa bakteria mwenyewe mwaka 1984, baada ya kuhakikisha kwa kamera kwamba tumbo lake ni zima. Siku ya kumi alikuwa na mchochota wa tumbo, kidonda hakupata. Hakuna kamati ya leo itakayokuruhusu, na mtu mmoja hatoshi kujibu swali la ugonjwa sugu. Tumia wanyama, au vipande vidogo vya tishu za utumbo vinavyokuzwa maabara.

Hatua ya 11: Mwondoe bakteria uone

Hii ndiyo hatua inayoamua. Gawa wagonjwa kwa bahati nasibu, wengine dawa, wengine kidonge kisicho na dawa, mgonjwa na daktari wote wasijue. Kisha pima mambo mawili kwa kila mtu: je, bakteria ameondoka? je, ugonjwa umepoa?

Mwaka 1988 Marshall na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 100 wa kidonda cha utumbo wa juu. Bakteria alipoondoka, asilimia 92 ya vidonda vilipona na asilimia 21 tu vilirudi ndani ya miezi 12. Alipobaki, vilivyopona vilikuwa asilimia 61, na asilimia 84 vikarudi. Tazama jinsi kuondoka kwa bakteria na kupona kunavyokwenda pamoja.

Sasa Chlamydia pneumoniae na moyo. Yalifanyika majaribio makubwa ya antibiotiki: WIZARD ilikuwa na wagonjwa 7,747, ACES 4,012 waliopewa azithromycin kwa mwaka mzima, PROVE IT 4,162. Antibiotiki hazikuzuia mashambulizi ya moyo. CLARICOR ya Denmark, yenye wagonjwa 4,373, ilikuta vifo vya moyo na mishipa vimeongezeka kwa waliopewa clarithromycin. Hii ndiyo sababu sikubali mtu agawe antibiotiki za miezi kwa dhana isiyopimwa.

Na Crohn? Mwaka 2007 Selby na wenzake wa Australia walitoa clarithromycin, rifabutin na clofazimine kwa hadi miaka miwili katika jaribio la watu 213. Wiki ya 16 waliotulia walikuwa asilimia 66 dhidi ya 50, lakini faida haikudumu. Washiriki hawakuchaguliwa kwa kupimwa kama wanaye bakteria, kwa hiyo wanaoiamini dhana wanasema haikupimwa sawasawa, na wasioiamini wanasema nafuu ya mwanzo ilitokana na dawa kugusa bakteria wengine au mchochota wenyewe. Pande zote mbili zina hoja. Clarithromycin, azithromycin na doxycycline hutuliza mchochota hata pasipo bakteria wa kuuawa. Bila kupima bakteria kabla na baada, jaribio lako litaishia kwenye ubishi huohuo.

Kwa magonjwa ambayo bakteria ameshaondoka, jaribu kinga badala ya tiba. Kaskazini mwa Uganda watoto na vijana 818 wa miaka 5 hadi 17, waliokutwa na dalili za awali za ugonjwa wa moyo wa rumatiki kwa kipimo cha ultrasaundi, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likachomwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa, dhidi ya 8.2 ya wengine. Ni kazi iliyofanyika kwetu, kwa dawa ya bei nafuu, na inaonyesha tunaweza.

Hatua ya 12: Pima mizani na utoe majibu

Rudi kwenye ukurasa uliousaini. Panga ushahidi wako: yupo penye ugonjwa zaidi ya pasipo, alitangulia, njia ya madhara inaeleweka, akiondoka ugonjwa unapoa. Austin Bradford Hill alitoa mwaka 1965 hoja tisa za kuzipima tuhuma za namna hii, na zinafaa kupitiwa moja moja. Tafuta pia ushahidi unaokinzana na wewe. Kwa Crohn, dawa zinazozuia TNF, protini ya kinga inayochochea mchochota, huamsha kifua kikuu kilicholala, lakini wagonjwa wengi wa Crohn hupata nafuu nazo; anayedai ugonjwa wote ni maambukizi ya mycobacteria anapaswa kulieleza hilo.

Chapisha hata kama jibu ni hapana, pamoja na majibu ya sampuli tupu. Weka mifuatano ya vinasaba kwenye hifadhi ya wazi, na bakteria waliooteshwa kwenye benki ya taasisi yako ili mwingine aweze kuwajaribu.

Waite washiriki uwaambie ulichokiona, kwa maneno yao. Atakuwepo mmoja atakayeuliza kama anywe antibiotiki sasa hivi. Kama ana H. pylori na kidonda, mpe rufaa ya tiba kamili na kipimo cha kuthibitisha kwamba bakteria ameisha, angalau wiki nne baada ya dawa. Kama ni Crohn, mwambie aendelee na dawa za daktari wake, umweleze umefikia hatua ipi kati ya hizi na ipi inafuata.